Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Mwanafunzi wa sekondari aliyeko Nduguti aweza leo kuandika wasifu wa mtu katika Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanza mwaka 2003, nao ukasomwa dunia nzima. Uwezo huo wadai uangalifu.

Mwaka 2005 mtu asiyejitaja aliandika katika Wikipedia ya Kiingereza kwamba mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, alishukiwa kuhusika na mauaji ya Rais Kennedy. Uongo huo ulidumu miezi minne. Haukuwa na chanzo chochote.

Lakini chanzo peke yake hakitoshi. Sharti tuulize ni cha nani. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Masimulizi hayo ni hazina: yaonyesha alivyotaka ajulikane. Hayathibitishi kwamba vita vyake vilikuwa vya haki.

Wengine watauliza: wazee wa Mkalama hawaandikwi magazetini, tusipowaandika sisi, nani atawaandika? Hoja hiyo ni nzito. Jibu lake ni kukusanya ushahidi wa watu wengi, kuulinganisha na kuuchapa kwanza, ndipo kamusi iunukuu.

Naye mwenye kutaka wasifu wa mjomba wake au wa mkuu wa shule yake autangaze uhusiano huo katika ukurasa wa majadiliano, aweke vielelezo vyake, kisha awaachie wasio na maslahi waandike. Walimu hawana budi kuwazoeza wanafunzi jambo hili darasani, kama wawazoezavyo kupima katika maabara.