Ramani ya Mtaa Isiishie kwenye Majina

Somo la ramani katika shule za msingi huanzia darasani, likatoka hadi uwanjani, kisha mtaani. Utaratibu huu ni mzuri. Lakini mtoto akishaonyesha barabara, msikiti, kanisa na zahanati, huhesabiwa kuwa amemaliza kazi. Kwa maoni yangu, hapo amefika nusu ya njia. Ameonyesha vitu vilipo. Hajaonyesha mtaa wenyewe ukoje.

Tuchukue mfano wa Kariakoo, Dar es Salaam. Jina lake latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Mitaa yake imenyooka na kukatana kwa pembe mraba. Upande wa mashariki upo uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao enzi za ukoloni ulitenganisha makazi ya Waafrika na Uhindini. Soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975. Nyumba nyingi za Kiswahili, zenye baraza mbele na ua nyuma, zimebomolewa kupisha maghorofa. Ramani ya majina matupu haisemi lolote kati ya hayo.

Mwaka 1960 Mmarekani Kevin Lynch alieleza kwamba watu huukumbuka mji kwa mambo matano: njia, mipaka, maeneo, makutano na vitambulisho. Mambo hayo hata mtoto wa darasa la nne aweza kuyatafuta. Ligawe darasa katika vikundi, kila kimoja kishike mtaa wake. Watazame kimo cha majengo, upana wa njia, vivuli, mabaraza na shughuli za watu. Kila sifa ipewe alama yake katika ramani. Kisha wachore mpaka pale sura ya mtaa inapobadilika, hata kama hapana kibao.

Wako watakaosema kwamba muda hautoshi na madarasa yamejaa. Vipindi viwili, karatasi na penseli vyatosha kuanzia.

Hata hivyo, hapana budi tutahadhari. Kutathmini mtaa si kuupa maksi. Mwalimu akikubali maneno "mtaa mzuri" na "mtaa mbaya", atamfedhehesha mtoto anayeishi uswahilini mbele ya wenzake, na somo litakuwa limeharibika. Adai ushahidi: njia ni nyembamba, maji ya mvua hutuama, jioni majirani hukaa barazani. Yote matatu ni kweli, na yote yaandikwe.

Ndugu mwanachuo, miji yetu inabadilika upesi. Kuna cha kubomoa na kuna cha kuhifadhi. Watakaoamua kesho ndio hao walioko mbele yako leo, nao hawataweza kupima thamani ya jambo wasilofundishwa kuliona.