Mahindi ya Maji ya Chai na Karafuu Zetu

Baadhi ya wanachama wetu, wakisikia khabari ya bei ya mahindi, husema, "Hayo ni mambo ya bara." Sisi hatuoni hivyo.

Maji ya Chai iko chini ya Mlima Meru, katika njia kuu itokayo Arusha kwenda Moshi. Mwenye eka moja au mbili huko hupanda mahindi na maharage pamoja. Kwanza chakula cha nyumbani, kinachozidi ndicho cha soko. Lakini wakati wa mavuno ana deni la mbolea na sare za watoto, basi huuza hata madebe ambayo angeyala. Ghala ikiisha hununua tena kwa bei ya juu. Mtu huyu bei ikishuka hupunjwa alipouza, na ikipanda huumia anaponunua. Karafuu hailiwi, ila nasi mchele twaununua.

Katika miaka ya 1970 Shirika la Taifa la Usagishaji (N.M.C.) lilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Rukwa, aliye mbali na masoko makubwa, alinufaika. Wa Arusha, ambaye soko la Nairobi li karibu naye kwa njia ya Namanga, aliona faida yake imechukuliwa, na mahindi yakavuka mpaka kwa magendo. Tusimcheke: karafuu za Pemba ngapi zilivuka kwenda Mombasa kabla bei haijapandishwa mwaka 2011? Kisha Juni 2017 Serikali ilizuia mahindi kwenda nje, na ya masika yalikuwa bado shambani. Mkulima alikwisha tia mbegu na jasho kwa hesabu nyingine.

Hatudharau mlaji wa mjini. Naye ana watoto. Lakini kwa nini unga wake rahisi ulipwe na mwenye eka moja? Serikali ikitaka unga uwe rahisi, fedha zitoke Hazina, na bei ya kununulia itangazwe kabla ya mvua za masika, mtu apate kuchagua: apande mahindi ya kuuza, au ya kula tu na eka iliyobaki atie migomba.

Nasi tuna jambo kama hilo. Katika mkutano ujao tutaomba chama kilipeleke Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (Z.S.T.C.): bei ya karafuu ijulikane kabla hatujapatana na wachumaji. Kila tawi lije na hesabu ya ujira liliolipa msimu uliopita, na bei ya mchele siku hizo.