Mwandishi wa filamu aende uwanja wa mbina

SAFU: KUTOKA MIGATO
Na Kulwa Masunga

Kijana wa Migato anayetaka kuandika filamu hulalamikia mambo mawili: hana kamera, na hamu humwisha akifika ukurasa wa kumi. La kamera tuliache, skripti huandikwa kwa kalamu na daftari. La hamu ndilo lenye maneno.

Nani amewahi kumsikia Mgika akisema mwaka huu hana hamu ya kucheza? Wagika na Wagalu, vyama viwili vya mbina, yaani ngoma za Wasukuma, wanashindana tangu karne ya 19, enzi za waanzilishi wao Ngika na Gumha. Hucheza kwa wakati mmoja, pande mbili za uwanja, na mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Mtazamaji akichoka huku anavuka kule, wala haagi. Ndiyo maana kila mavuno yakiisha lazima waje na jipya: nyoka, fisi, sanamu, wimbo wa kumkejeli mpinzani. Wapo wanaoapa kwamba watu huvutwa na dawa. Sawa, ila sijaona dawa iliyombeba mchezaji asiyefanya mazoezi. Kinachowaamsha wachezaji ni siku inayojulikana, na ngoma ya mwenzao inayosikika ng'ambo.

Waandishi wa Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza 1993, walibanwa vivyo hivyo. Mara mbili kwa wiki ulikuwa hewani, wapende wasipende, na msikilizaji angeweza kuzima redio. Tena walijua kuchagua mhusika. Mkwaju alikuwa dereva wa lori, mkewe Tunu yuko nyumbani, wapenzi wako njiani. Kazi yake peke yake ilitosha kumfikisha kwenye tatizo linalofuata. UKIMWI ulimkuta hukohuko, na msikilizaji alikwisha kuuona unakuja. Filamu zetu nyingi za Bongo hupigwa kwa muhtasari tu, waigizaji wakijitungia maneno papo hapo, ndipo watu wawili wanagombana sebuleni dakika nane na hadithi haijasogea hata hatua.

Na hapa kwetu wahusika wamejaa. Karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, anapima pamba, na kwenye foleni yumo mjomba wake mwenye deni la pembejeo. Kijana wa sungusungu ameitwa kwa yowe usiku, nyayo za ng'ombe walioibwa zinaelekea kwa kaka yake. Mpe mtu wa namna hiyo kurasa tano, na mwandishi mwenyewe atataka kujua atafanya nini. Hamu hutoka hapo, haitangulii.

Basi pamba ikishauzwa msimu huu, vijana wagawanyike makundi mawili, kila kundi lisome skripti yake kwa sauti, uwanja mmoja, wakati mmoja. Watu wataamua kwa miguu. Walimu wa Kiswahili wa sekondari zetu, nawaomba mtutengee Jumamosi moja ya Agosti, na muitangaze mapema.