Bibi harusi, kobe mwache kivulini

Siku hizi fungate haikamiliki bila picha za Changuu, na mimi sina ugomvi na hilo. Kobe wa kwanza pale waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na dume mkubwa hupita kilo 200. Nani asingependa kumbukumbu hiyo?

Ninachokataa ni kumvuta kobe atoke kivulini kwa majani ya mboga, eti chini ya mti hakuna mwanga. Kobe hatoki jasho. Saa sita mchana akijibanza chini ya mti, anajiokoa. Kule Aldabra, kwenye asili yake, anayekosa kivuli jua linaweza kumuua. Picha yetu haina thamani hiyo.

Na tuseme kweli, jua hilo halikusaidii hata wewe. Gauni jeupe na gamba jeusi havipatani kwenye jua kali: kamera ikifuata gamba, gauni linabaki weupe mtupu na darizi zote ulizolipia zinapotea, ikifuata gauni, kobe anakuwa kama jiwe. Kivulini tofauti hiyo hupungua. Basi mfuate yeye alipo, uchuchumae pembeni (kumkalia mgongoni hapana, hata bwana harusi akisisitiza). Nyuma yenu pawe ukuta au majani, si bahari inayong'aa. Gusa uso wako kwenye kioo cha simu, kisha punguza mwanga kidogo kidogo mpaka darizi zionekane.

Flashi zimeni. Mwanga wake hupiga gamba likang'aa kama sufuria mpya, na mnyama hakuomba kumulikwa usoni.

Wanaokwenda Jozani wana kazi zaidi. Kima punju, ambaye duniani yuko Zanzibar tu, ana uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe, na jua hupenya majani kwa vidoadoa. Siku ya mawingu ndiyo nzuri. Mpiga picha apandishe ISO, kasi isishuke chini ya 1/250, na picha ikitoka na chenga kidogo si neno. Kumsogelea kima ili aonekane vizuri, hapana, subirini atulie.

Wa Changuu, patana na nahodha tangu jana yake muondoke asubuhi mapema. Jua bado liko chini, kobe wenyewe wanatembea, na poda yako haijaanza kuyeyuka.