Nguvu tunazo Diff, vyuma viko wapi?

WAHENGA walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Huko Diff, mji mdogo ulio mpakani na Somalia katika eneo la Wajir Kusini, methali hii imepata maana nyingine kabisa. Vijana wanaoupenda mchezo wa kunyanyua uzani hawana vyuma, basi wanaeleka jiwe. Huchukua makopo mawili ya rangi, wakayajaza zege, wakayaunganisha kwa bomba la maji, na papo hapo jimu ikawa imefunguliwa chini ya mti.

Aliyenieleza haya ni kijana mzaliwa wa huko ambaye sasa anasoma chuoni mjini Garissa. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa babake hajui jambo analolipanga. Anataka kuacha masomo ahamie Nairobi. Haendi kutafuta kazi, wala hajamfuata mchumba. Anaifuata jimu.

Mamake amekwisha kulipata fununu, na alipozungumza nami kwa simu aliniuliza swali moja ambalo limenifanya niandike makala haya: "Hebu niambie mwanangu, kwani chuma cha Nairobi ni kizito kuliko cha hapa?"

Msomaji mpenzi, huenda ukacheka. Mimi pia nilicheka. Lakini nilipokaa nikalifikiria swali hilo, niliona kwamba linastahili jibu la heshima, kwani wazazi wengi wenye vijana wanamichezo wanajiuliza lilo hilo.

Si jimu zote ni jimu

Kwanza tuelewane. Anayetunisha misuli ili kifua kijae shati ni mtu mmoja, na anayenyanyua uzani kama mchezo wa mashindano ni mwingine. Wa kwanza anaweza kutosheka na vyuma viwili vya mkononi na kioo kikubwa. Wa pili ana mambo mawili tu ya kufanya mashindanoni, lakini mambo hayo yanadai vifaa maalumu.

La kwanza ni kuuvuta mtaimbo wenye vyuma kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja bila kusita. La pili ni kuupandisha hadi mabegani, kutua kidogo, kisha kuusukuma juu mikono ikiwa imenyooka. Mshindani hupewa nafasi tatu kwa kila aina. Uzani bora wa kila aina hujumlishwa, na jumla hiyo ndiyo inayoamua mshindi.

Mtaimbo wa wanaume una uzito wa kilo 20 na wa wanawake kilo 15. Vyuma vikubwa vya pembeni vina upana wa sentimita 45, vimezungushiwa mpira, na vimepakwa rangi ili mtu avitambue kwa mbali: chekundu ni kilo 25, bluu 20, manjano 15 na kijani 10. Jukwaa la mashindano ni la mita 4 kwa 4. Mtu akimaliza kunyanyua, huuachia mzigo udondoke. Hafanyi hivyo kwa ujeuri. Kuushusha polepole mzigo wa kilo 100 kutoka juu ya kichwa ni njia ya mkato ya kuharibu bega au mgongo.

Sasa mchukue kijana wetu umwingize katika jimu za mjini. Alizunguka tatu.

Ya kwanza ilikuwa na mashine za kukimbilia, baiskeli zisizokwenda popote, hewa baridi na muziki. Ni mahali pazuri sana kwa mtu aliyeambiwa na daktari apunguze tumbo. Kijana alipoachia kilo 60 zidondoke, msimamizi alitoka mbio akidhani ukuta umeanguka. Sakafu ilikuwa ya vigae. Aliombwa, kwa lugha ya adabu lakini yenye ukali, asirudi tena.

Ya pili ilikuwa ya mabati, na vijana wake ni wakarimu ajabu. Vyuma vilikuwapo. Tatizo lilikuwa dari. Akiinua mikono, mtaimbo unagonga boriti. Isitoshe, mtaimbo wenyewe ulikuwa umepinda kama upinde, na kufikia saa sita mchana ndani ya mabati yale kulikuwa na joto la kuivisha mkate. Watu wa Garissa wanajua nisemalo.

Ya tatu ilikuwa na nafasi na mtaimbo ulionyooka, lakini ada yake ya mwezi ilikaribia kodi ya chumba anachoishi. Na hata huko, hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba viwiko vyake vinachelewa kugeuka. Mwalimu wa kukimbia anapatikana katika shule nyingi za Kenya. Mwalimu wa kunyanyua uzani ni lulu.

Kilo ni kilo, lakini...

Turudi kwenye swali la mama. Chuma cha Nairobi si kizito kuliko cha Diff. Kilo ni kilo popote uendapo. Ila namna kilo hizo zinavyokaa ndiyo inayotofautisha mazoezi na maumivu.

Tazama lile kopo la rangi la lita 4. Likijazwa zege hufikia kilo 9 na ushei, si haba. Lakini upana wake haufiki hata sentimita 20, hivyo likilala chini, bomba lililopita katikati linakaa chini ya sentimita 10 kutoka ardhini. Vyuma vya mashindano, kwa upana wao wa sentimita 45, huuweka mtaimbo kwenye kimo cha sentimita 22 na nusu. Tofauti hiyo ya takriban shibiri moja ya mtoto ndiyo inayomlazimu kijana wa Diff ainame zaidi na kuupinda mgongo kabla hata hajaanza kuvuta.

Kisha kuna suala la kuzunguka. Mtaimbo wa kweli una ncha zinazozunguka zenyewe, ili mikono inapogeuka kwa kasi vyuma visiivute viganja. Bomba lililogandishwa kwenye zege halizunguki. Unapogeuza kiganja, kilo zote za zege zinageuka pamoja nawe, na kifundo cha mkono ndicho kinacholipa deni.

Na kuna mizani. Fundi wa zege hana haja ya kujua kwamba kopo la kulia limezidi la kushoto kwa kilo moja. Uti wa mgongo unajua.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Siwadharau vijana wa zege. Mahali kusiko na kitu, wao wamekuwa na kitu. Na eneo hilo halina upungufu wa nguvu. Mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, sawasawa na mtaimbo wa wanaume wa Olimpiki. Mama anayeuinua kisimani na kuubeba hadi nyumbani ananyanyua mtaimbo huo kila siku, na hakuna anayempigia makofi. Hamali anayepakia magunia ya kilo 50 kwenye lori hana nishani shingoni. Nguvu zipo. Kinachokosekana ni mahali pa kuzifunza adabu.

Na wasichana je?

Hapa ndipo ugumu unapoongezeka maradufu. Mvulana anaweza kunyanyua zege chini ya mti. Msichana wa Kiislamu anayejistahi hawezi kufanya hivyo wapita njia wakimkodolea macho, na jimu za mtaani aghalabu hazina saa za wanawake wala ukuta wa kuwasitiri.

Wako wanaodhani kwamba mchezo wenyewe ndio unaomkataza. La hasha. Mnamo 2011, baada ya Kulsoom Abdullah, Mmarekani mwenye asili ya Pakistani, kuomba aruhusiwe kushindana akiwa amejisitiri, shirikisho la kimataifa la mchezo huu lilibadilisha kanuni na kuruhusu vazi linalofunika mwili mzima. Miaka mitano baadaye, katika Olimpiki za Rio 2016, Sara Ahmed wa Misri alipanda jukwaani na hijabu yake akatwaa nishani ya shaba. Akarudi Paris mwaka wa 2024 akatwaa fedha. Kanuni haimzuii binti wa Diff. Anayemzuia ni ukuta ambao haujajengwa.

Hata hapa Kenya hatuanzi na sifuri. James Adede alituwakilisha Rio 2016. Hellen Wawira, mwanariadha mwenye ulemavu ambaye huusukuma mtaimbo akiwa amelala kwenye benchi, alituletea shaba kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka wa 2022. Tukiwapa nafasi watu wetu, wanaitumia.

Funzo kutoka Uganda

Mzazi atauliza: basi kwa nini kijana asifunge virago aende zake Nairobi?

Mnamo Julai 2021, mnyanyuaji uzani wa Uganda, Julius Ssekitoleko, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alitoweka kambini nchini Japani kabla ya Olimpiki za Tokyo kuanza. Alikuwa amearifiwa kwamba hakupata nafasi ya kushindana na kwamba angerejeshwa nyumbani. Aliacha ujumbe kuwa maisha Uganda ni magumu na kwamba angependa kufanya kazi Japani. Alipatikana siku chache baadaye katika jimbo la Mie, akarudishwa kwao.

Wengi walimcheka. Mimi naliona funzo. Kijana yule alikuwa na nguvu za kumfikisha Japani, lakini hakuwa na kitu cha kushika endapo mchezo ungemponyoka. Mchezo huu hauna mishahara minono kama kandanda ya Ulaya, na hata mbio za barabarani zina zawadi za fedha zaidi. Anayeacha chuo kwa ajili yake anarusha shilingi gizani.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa kijana wetu, na kwa wengine walio katika hali yake, ni huu: maliza masomo. Cheti hakizuii mtu kunyanyua. Misuli ya mtu wa miaka 20 haitaoza kwa mihula michache, na Nairobi haihami.

La kufanya sasa

Kusubiri si kukaa bure. Anayetumia zege aanze kwa kupima kila kopo kwenye mizani ya duka mpaka pande zote mbili zilingane. Aweke makopo juu ya mbao au matofali, ili bomba lifikie katikati ya muundi. Ajifunze miondoko kwa fimbo tupu kwanza, wiki nyingi, kabla ya kuongeza uzito, kwa kuwa makosa unayoyazoea ukiwa na kilo 5 ndiyo yatakayokuvunja ukiwa na kilo 80. Asinyanyue peke yake. Afanye mazoezi alfajiri au jioni, wala asiache vyuma juani, kwani chuma cha saa nane mchana huko Kaskazini Mashariki hakishikiki. Mwezi wa Ramadhani, mazoezi mazito yangoje baada ya futari, wakati mwili umepata maji.

Chakula kisimtie wasiwasi. Maziwa ya ngamia, nyama, mayai, maharagwe na tende vinajenga mwili bila unga wa mikebe kutoka ng'ambo. Na anayemnong'oneza kuhusu vidonge na sindano za kuongeza nguvu, amkimbie kama nyoka.

Jukwaa halihitaji mamilioni. Mbao nene katikati na vipande vya matairi makuukuu ya lori pembeni, juu ya ardhi iliyosawazishwa, vitavumilia mdondoko wa vyuma kuliko vigae vya jimu ya kifahari. Kinachohitaji fedha ni mtaimbo halisi na vyuma vyake, na hapa ndipo jamii inapoingia. Sisi ni hodari wa kuchangia arusi na nauli za wasafiri. Seti moja ikinunuliwa na kuwekwa katika shule au chuo cha ufundi, chini ya mwalimu mmoja aliyetumwa kusomea kazi hiyo, itatumiwa na vijana wa rika baada ya rika, maana chuma hakizeeki upesi. Siku mbili za wiki ziwe za wasichana, mlango ufungwe, na msimamizi awe mwanamke.

Serikali za kaunti nazo zisijifiche. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka shughuli na vifaa vya michezo mikononi mwa kaunti. Si lazima kila kitu kiwe uwanja wa kandanda wa kukatiwa utepe. Chumba kimoja chenye dari ndefu mjini Wajir au Garissa kingewaokoa vijana wengi wasizurure. Na mzazi yeyote wa mpakani anajua kwamba kijana mwenye nguvu nyingi na asiye na pa kuzitumia hutafutwa na watu ambao hawamtakii mema.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini atachezaje kwao ikiwa kwao hakuna pa kuchezea? Mama wa Diff, mwanao hajapotoka. Mwambie amalize chuo, kisha wewe na babake na majirani mketi mjadili habari ya ule mtaimbo mmoja.