Tusiwafundishe Vijana Kuuza Bila Kuwafundisha Haki



Wapo wanaosema kwamba maadili ya biashara ni somo la watu wazima, na kwamba mwanafunzi wa sekondari yatosha ajue kukokotoa faida na hasara. Sisi twasema hapana. Mwanafunzi wa Usoke ameingia sokoni kabla hajaingia kidato cha kwanza. Amevuna majani ya tumbaku pamoja na wazazi wake, amekesha kwenye bani akichochea moto (na jambo hilo nalo lina hukumu yake), amesaidia kuchambua madaraja na kufunga marobota. Sare yake na madaftari yake vimetoka katika robota hilo. Kumwambia kwamba mambo ya soko atayajua akikua ni kumdanganya. Ameshayajua, ila kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa ujanja.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mtaala mpya. Katika mtaala huo limo somo la biashara, na limo pia somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Twashukuru kwa yote mawili. Hata hivyo maadili yana kipindi chake, biashara ina kipindi chake, na kengele hulia katikati. Asubuhi kijana huambiwa kwamba uaminifu ni tunu ya taifa. Baada ya mapumziko huambiwa kwamba lengo la mfanyabiashara ni kupata faida kubwa iwezekanavyo. Nani atamwonyesha mahali yanapokutana mambo hayo mawili? Yanakutana kwenye mizani, na mizani haimo darasani.

Tuchukue mfano wa chama cha msingi cha ushirika. Mkopo wa pembejeo huchukuliwa kwa jina la chama, na wanachama hudhaminiana. Tumbaku ikiuzwa, deni hukatwa kwanza. Sasa mwanachama mmoja anauza tumbaku yake usiku kwa walanguzi, kwa vishada, ili akwepe makato. Deni lake halifi. Hulipwa kwa jasho la jirani yake aliyeleta marobota yake sokoni kwa uaminifu. Mwingine hakuuza vishada hata kidogo, lakini kiongozi wa chama alimwandikia mifuko kumi ya mbolea ilhali alipokea sita. Tunataka swali la namna hii lije mbele ya wanafunzi wetu: kati ya muuzaji wa vishada, mlanguzi aliyenunua na kiongozi aliyeandika uongo, nani ametenda kosa, na kila mmoja amrudishie nani nini? Kijana anayeweza kulijibu hilo kwa hesabu na kwa dhamiri amejifunza biashara. Asiyeweza, hata akipata alama ya juu, amejifunza maneno tu.

Wala tusidhani kwamba maswali haya ni mageni katika nchi hii ya Unyamwezi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Tabora ilipima pembe za ndovu kwa frasila na nguo kwa mikono: shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Mkono wa nani? Wa muuzaji mwenye mkono mfupi, au wa mpagazi aliyengoja ujira wake? Watemi walitoza misafara ushuru wa kupita, nao uliitwa hongo. Ushuru huo ulidaiwa na kubishaniwa hadharani. Leo neno lilelile limekuwa jina la rushwa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya kwenda Ujiji, kiini cha ugomvi wake na Waarabu wa Unyanyembe kilikuwa ni nani aitawale biashara hiyo na nani alipwe kwa kupita. Na katika njia hiyohiyo binadamu walipangiwa bei. Walionunua na kuuza watu walijua sana hesabu. Hawakuwa na upungufu wa elimu ya biashara.

Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa akifundisha St. Mary's, Tabora, miaka ya 1946 hadi 1949, alifanya kwa muda kazi ya kukagua bei madukani kwa niaba ya serikali ya kikoloni. Aliingia dukani, akaona bei ya uongo, akaandika taarifa. Wakubwa hawakuzijali taarifa zake, naye akaiacha kazi. Habari hii yapasa kusimuliwa katika kila shule ya Tabora, kwani inafundisha mambo mawili kwa mara moja: kwamba udanganyifu wa dukani ni jambo la uongozi, na kwamba mkaguzi asiyesikilizwa ni pambo tu.

Tuseme ukweli pia juu yetu wenyewe, maana ni rahisi kumlaumu mnunuzi peke yake. Ni kweli mkulima huonewa: daraja la tumbaku yake hushushwa, malipo huchelewa, mahindi yake hununuliwa kwa debe lililotanuliwa na kuuzwa mjini kwa kilo. Lumbesa imekatazwa na sheria ya vipimo, gunia lisizidi kilo 100, na bado magunia yenye vilemba yanapakiwa mchana kweupe. Lakini ni nani afichaye majani mabovu katikati ya robota? Nani atiaye maji ya sukari katika asali, bidhaa iliyoupa mkoa wetu jina jema? Mara nyingi ni baba na mama, na mtoto yupo, anashika kamba. Mnunuzi akikuta uozo katika robota moja hushuku marobota yote, na mkulima mwaminifu hulipa. Kwa hiyo anayesema kwamba kijana mwaminifu atashindwa sokoni ayageuze maneno yake: ni wadanganyifu wanaolifanya soko limshinde kila mtu.

Tena wako wanaokuja shuleni na semina za ujasiriamali, wakiwafundisha watoto kutajirika upesi kwa kuingiza wenzao katika mchezo wa fedha. Tumeshasahau DECI? Watu walikaribishwa "kupanda mbegu" ili wavune maradufu, lugha iliyochotwa mimbarani, na walioaminiwa walikuwa wachungaji. Mwaka 2009 serikali iliusimamisha mpango huo na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Waliopoteza akiba zao hawakukosa akili. Walikosa mazoea ya kumwuliza kiongozi anayeheshimika: faida hii yatoka wapi? Mtoto aliyezoeshwa kwamba kuuliza ni utovu wa adabu atakuwa windo la kila mwenye suti.

Lipo pia swali zito ambalo sisi wa nchi ya tumbaku twalikwepa. Sheria ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku imekataza kumwuzia sigara mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Je, kijana anayesomeshwa kwa zao hili na afundishwe kulitangaza? Hatuna jibu jepesi, lakini kunyamaza mbele ya wanafunzi si jibu.

Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 ilitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba la shule, waweke kumbukumbu zake na wawe na sauti katika matumizi ya mapato. Tulitekeleza nusu yake. Mwanafunzi alishika jembe, mauzo yakafanyika ofisini, na shamba likageuka mahali pa adhabu. Huko ndiko vizazi vizima vilikojifunza kwamba mnyonge huzalisha na mkubwa huuza. Tusishangae basi wanachama wa ushirika wanapoketi kimya mwenyekiti akisoma hesabu ambazo hakuna aliyezielewa.

Twataka nusu iliyobaki. Mazao ya shamba la shule yapimwe na wanafunzi, yauzwe mbele yao, na hesabu ibandikwe ukutani. Viongozi wa vyama vya msingi waende shuleni na vitabu vyao, waulizwe maswali na vijana wa TYCS na UKWATA, nao wajibu bila hasira. Na kanisani, mavuno yatolewayo altareni yapimwe na vijana kabla ya mnada, kisha wao wenyewe wasome mapato na matumizi mbele ya waamini. Mikutano ya halmashauri ya walei inakaribia. Ajenda ya kwanza iwe swali moja: mizani ya parokia ilikaguliwa na kupigwa mhuri lini mara ya mwisho, na nani aliuona mhuri huo?