Kufuli ya Watoto kwa Rejeta ya Mtu Mzima

Juzi nilikuwa kwa video na binamu yangu. Anasoma Leeds, Uingereza, anaishi nyumba moja na wanafunzi wengine wanne. Saa tatu usiku, msee yuko ndani ya chumba chake mwenyewe, kitandani, na amevaa jaketi, kofia na soksi mbili.

Nikamuuliza, "Kwani rejeta imekufa?"

Akacheka. "Haijakufa. Landilodi ameifunga na simu."

Landilodi haishi hapo. Yuko kwake, mtaa mwingine kabisa, na ndiye anaamua chumba cha binamu yangu kikae nyuzi 16. Hiyo ndiyo inaitwa nyumba smati. Mimi naiita ukoloni wa waifai.

Wacha nieleze, maana hapa Nairobi rejeta tunayoijua ni ya matatu. Huko nyumba nyingi zina boila ya gesi. Boila inapasha maji moto, pampu inayasukuma kwa mabomba hadi kila chumba, na kila chumba kina chuma bapa ukutani. Hicho chuma ndicho rejeta. Kando yake kuna valvu. Ile ya zamani ni kofia ya plastiki yenye namba. Ndani yake kuna nta au majimaji yanayovimba joto likiongezeka, yanasukuma pini, na maji moto yanapunguzwa. Unaizungusha kwa mkono, basi. Haina nywila, haiulizi wewe ni nani.

Valvu smati ina mota ndogo, betri na kipimajoto, na inaongea na apu kwa simu. Mara nyingi unatoa kofia ya zamani, unafunga hii, hata fundi wa bomba haumwiti. Kila chumba kinapata ratiba yake: chumba cha kulala kinapashwa usiku, sebule jioni, na chumba cha msee aliyesafiri kinapunguzwa. Hiyo ni akili. Kuchoma gesi upashe kiti kitupu ni ujinga, na kama nyumba ingekuwa yangu ningezifunga kesho.

Lakini valvu za binamu yangu zina kitu kinaitwa kufuli ya watoto. Iliundwa ili mtoto wa miaka mitatu asichezee namba. Landilodi ameiwasha kwa nyumba ya watu wazima watano. Ukizungusha, haisikii. Manze, mtu ana miaka 23, anaandika tasnifu, na chuma cha ukutani kinamchukulia kama mtoto!

Najua mtaniambia nini. Kwanza: "Ni nyumba yake na bili analipa yeye." Zii. Kodi yao imejumlisha bili. Kila mwezi wanalipa joto kabla hawajaliona. Kwa hivyo kila nyuzi anayopunguza haiwarudishii hata senti, inaingia mfukoni mwake. Mtu anayefaidika ukihisi baridi hafai kuachiwa rimoti ya joto lako.

Pili: "Si avae sweta tu!" Hii ndiyo inaniudhi, na mara nyingi inatoka kwa watu wetu wenyewe, wale wa "sisi tulivumilia." Shirika la Afya Duniani linapendekeza ndani ya nyumba kusishuke chini ya nyuzi 18 msimu wa baridi. Baridi ya ndani inapandisha presha ya damu na kuumiza mapafu. Na hata ukivaa sweta kumi, ukuta hauvai sweta. Watu watano wanaoga, wanapika, wanaanika nguo ndani. Ule mvuke unatafuta ukuta baridi, unageuka maji, na hapo kuvu inaota. Mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Rochdale mwezi wa Desemba 2020 kwa sababu ya kuvu ndani ya nyumba ya kupanga, na wazazi wake walikuwa wamelalamika. Kesi yake haikuhusu valvu. Ilihusu mpangaji kusema na mwenye nyumba kutosikia. Sasa kuna sheria Uingereza inayoitwa kwa jina lake.

Na kinachochekesha ni hiki. Binamu yangu amenunua hita ndogo ya feni. Huko uniti ya stima ni karibu mara nne ya bei ya uniti ya gesi. Na stima pia iko kwa bili ya nani? Ya landilodi! Amebana gesi mlangoni, pesa inatokea dirishani. Ungewaachia vyumba vyao wakajipimia, angetumia kidogo.

Usidhani pia ukinunua yako umeponyoka. Oktoba 2025 Google ilikata huduma ya apu kwa themostati zake za kwanza za Nest. Ukutani bado unaweza kuizungusha, lakini rimoti ya simu imekwenda. Kifaa ulilipia wewe, uamuzi ukafanywa California.

Na kama uko Umoja au Kasarani unafikiri haya ni mambo ya majuu, jiulize nani anashika valvu ya maji ya ploti yenu. Ni nani aliamua maji yafunguliwe Jumanne na Ijumaa? Nani alisema hakuna kufunga shawa ya umeme, na yeye kwake anaoga moto? Ni landilodi yule yule, tofauti ni kwamba wa Leeds ana apu. Kesho wetu pia atakuwa nayo, na atatuambia ni maendeleo.

Kwa hivyo kama unafunganya kwenda kusoma au kufanya kazi huko, usiulize tu chumba kina kitanda saizi gani. Uliza kabla ya kusaini: valvu ni za aina gani? Apu iko kwa simu ya nani? Mimi naweza kubadilisha joto la chumba changu kwa mkono? Kiwango cha chini ni ngapi? Jibu liandikwe. Na kama tayari umekwama, nunua kipimajoto cha bei rahisi, piga picha kila usiku pamoja na saa, kisha peleka kwa baraza la mji. Chini ya Sheria ya Nyumba ya 2004, baridi kupita kiasi ni hatari ambayo wakaguzi wanaweza kuja kuangalia, na mwongozo wao unataka joto lidhibitiwe na anayeishi ndani. Yaani wewe.

Binamu yangu ameanza kupiga hizo picha. Ya jana ilisoma 15.

Chumba kwa chumba ni wazo safi kabisa. Lakini basi iwe kweli chumba kwa chumba: anayelala hapo ndiye ashike valvu.

Kwenu nani anashika? Niambie hapo chini.